Ufunguo kwa Mwelu

Chumba chetu Pipeline kina kitanda kimoja
na ufunguo mmoja. (Wa pili ulitumbukia chooni
mwezi wa Machi, tusiuzungumzie.)
Mimi nalala mchana, Jerotich analala usiku,
na huu mwaka wa pili hatujaonana
ila Jumapili, tena si kila Jumapili.

Nikitoka saa moja jioni namwachia Mwelu.
Anauza makaa chini ya ngazi, mikono myeusi hadi viwikoni,
anautia ndani ya blauzi bila kuniangalia.
Nikishapotea, Jerotich huja, naye hupewa.
Mwelu hapungukiwi, haongezewi.
Mkono wake hubaki vilevile, wazi,
tayari kwa kesho.

Sikujua kwamba ndicho nilichosomea.

Chuoni nilitunga ubeti nisije nikaanguka mtihani:

    Alanini aingia, kundi lake akiweka,
    Jina hujibadilia, pairuveti hutoka,
    Kimeng'enya hushikia, hadi mwingine kufika,
    Kundi akilitwalia, glutameti huitika.

Nilipita. Lakini ubeti haukusema
kwamba kimeng'enya kitupu hakina kiganja,
kiganja chake ni vitamini B6,
chembe ya manjano iliyojibanza ndani.
Haukusema kwamba anayetoa huenda zake
kabla anayepokea hajapiga hodi,
wala kwamba siku nyingine safari hugeuka,
aliyepokea jana akawa ndiye mtoaji.
Na hilo kundi lenye naitrojeni, likiachwa huru,
ni kaa la moto: halishikwi bila koleo,
halitupwi ovyo nyumbani.

Usiku huu, saa nane, maabara ya Ngara,
sampuli ya kumi na saba.
Majimaji ya damu yana rangi ya chai iliyolala.
Naweka alanini. Naweka ketoglutareti.
Mashine inahesabu mwanga,
nami nahesabu vigae vya sakafu.
Mia nne na kumi na mbili.
Kwa mtu mzima haifiki hamsini.
Narudia. Mia nne na tisa.

Kimeng'enya hakina kosa.
Makao yake ni ndani ya seli za ini;
ukikikuta kimezagaa kwenye damu
ujue kuna ukuta uliobomoka.
Ni fundi amesimama barabarani na nyundo yake,
bado anagonga,
karakana imeungua.

Ndipo nasoma kibandiko.
Mwelu Nthenya. Miaka arobaini na saba.
Dawa za kifua kikuu, mwezi wa pili.

Wiki jana aliniambia nyayo zinamchoma.
Nikamtania: utakosaje kuchomwa, nawe unauza makaa?
Mimi, niliyesoma
kwamba dawa mojawapo huikamata B6 mkono
na kuondoka nayo,
ndiyo maana hupewa na kile kidonge kidogo cha pembeni
ambacho watu hukiona si cha maana.
Mimi, niliyejua kwamba dawa hizohizo
siku nyingine hulirukia ini.
Na jana jioni ufunguo aliupokea Kioko, mwanawe.
Nikadhani mama kaenda kununua magunia.

Nampigia daktari wa zamu.
Anasema, soma tena hiyo namba.
Naisoma tena. Anakata simu kabla sijamaliza,
namsikia akikimbia.

Saa moja asubuhi nashuka Pipeline.
Chini ya ngazi, debe limefunikwa,
na juu ya gunia ameketi Jerotich,
sare ya kazi, viatu vimepigwa rangi,
amechelewa.
Si Jumapili. Tunatazamana kama wageni.
"Nimekosa wa kumwachia," anasema.
Simwambii. Matokeo ya mtu si yangu kuyasema.
Nanyoosha mkono, ananipa mwenyewe.

Ufunguo una joto.
Sikuwahi kujua kama huwa na joto.